Kwa mnaoandika habari za maisha yenu: mlichokiona, mlichoambiwa na mnachokisia

MhaririNgamiani

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya watu wanaoandika maisha yao wenyewe. Wengi ni walimu wastaafu, wauguzi, askari wa zamani, wafanyabiashara wa sokoni. Karibu kila mmoja hunijia na swali lilelile: niandike kama ninavyokumbuka, au kama ilivyokuwa? Mitandaoni jibu linalozunguka ni "andika ukweli wako". Nimeleta uzi huu kwa sababu jibu hilo nalipinga kabisa. Kisa kikishachapishwa hakiwi chako peke yako. Ndani yake wamo marehemu ambao hawawezi kujibu, na wako wajukuu watakaokisoma siku moja kama historia ya ukoo.

Ninachodai ni kwamba msomaji ajue muda wote amesimama wapi. Hapa mwandishi aliona kwa macho yake, hapa aliambiwa na shangazi, hapa anakisia. Adabu hii si ya kigeni kwetu. Waliosoma chuoni pwani wanajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi hivihivi. Inakuja na watu wake, fulani kaipokea kwa fulani, na msikilizaji ana haki ya kuuliza kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani.

Nitoe mfano kutoka mezani kwangu. Mwalimu mmoja mstaafu aliandika kurasa nzuri sana kuhusu Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro. Ameeleza jinsi familia nzima ilivyokaa sebuleni ikitazama mazishi kwenye televisheni, mama yake akilia na kanga mdomoni. Ukurasa huo ulinigusa. Lakini Tanzania Bara mwaka 1984 haikuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya sabini. Bara tulisubiri mpaka 1994. Msiba ule ulitufikia kwa Radio Tanzania.

Je, mwalimu alidanganya? Hata kidogo. Picha za mazishi yale zimeonyeshwa mara nyingi baadaye, kila mwaka tarehe 12 Aprili inapokaribia. Kichwa kilichukua picha za baadaye kikaziweka sebuleni mwa 1984, pembeni ya mama aliyelia kweli. Tulizungumza kwa muda mrefu kwenye simu. Mwishowe akaandika kwamba picha anaziona mpaka leo, ila anajua kwamba siku ile kilichokuwepo ni redio, na kwamba kilio cha mama ndicho anachoweza kukiapia. Kwa maoni yangu ukurasa huo wa pili una nguvu kuliko wa kwanza, kwa sababu sasa nauamini.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu pia. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, aliwapa wanafunzi karatasi kesho yake asubuhi waandike walikuwa wapi na walisikiaje habari. Zaidi ya miaka miwili baadaye yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena 44 kati yao. Robo nzima hawakupatia chochote: mahali si pale, aliyewaambia si yule, saa si ile. Na walikuwa na uhakika. Walipoonyeshwa maandishi yao wenyewe, wako waliokubali mwandiko ni wao lakini wakashikilia kwamba mambo hayakuwa hivyo.

Kwa hiyo uhakika ulionao moyoni si kipimo. Ukisema "nakumbuka kama jana", mimi mhariri ndipo ninapochukua kalamu nyekundu.

Karibuni tujadili.

---

mjukuu_wa_Nyeri

Nakushukuru kwa uzi, lakini nina shida na upande mmoja. Umeichunguza kumbukumbu vizuri, ila karatasi, redio na rekodi umezipa heshima ambayo wakati mwingine hazistahili. Huku kwetu Kenya tuliambiwa miaka hamsini kwamba wazee wetu wanatia chumvi.

Cucu wangu, yaani bibi yangu, alihamishwa akiwa msichana wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopambana na Mau Mau miaka ya hamsini, watu zaidi ya milioni moja walipokusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Alisimulia handaki lile na miti iliyochongwa ncha chini yake. Alisimulia wanawake waliochimba tangu alfajiri. Tarehe hakuwahi kuzipata sawasawa, mara 1953, mara 1955. Kwa kipimo chako mhariri angemkata kila mahali.

Sasa angalia karatasi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Hiyo ni rekodi rasmi, ina muhuri. Mzee Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa siku hiyo akatupwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa, alibaki na kumbukumbu tu. Yeye na wenzake walipofungua kesi London mwaka 2009, serikali ya Uingereza ilipinga mpaka ilipolazimika mwaka 2011 kukiri kwamba ina mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, kituo chake huko Uingereza. Yalipofunguliwa yalikubaliana na wazee. Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Sasa niambie, nani alikuwa anakumbuka vizuri na nani alikuwa anaandika uongo?

---

MhaririNgamiani

Mjukuu wa Nyeri, nimesoma ujumbe wako mara mbili na nakubali uzito wake wote. Karatasi ni shahidi kama mashahidi wengine, ina mwenyewe na ina sababu ya kusema ilichosema. Aliyeandika "maji" alijua anachokificha.

Lakini hebu tazama cucu alikosea nini na alipatia nini. Tarehe zilimchanganya. Handaki, miti ya ncha na uchovu wa wanawake hakukosea. Kichwa cha binadamu ni dhaifu kwenye mwaka, kwenye mpangilio, na kwenye nani alikuwepo chumbani. Kile kilichomuumiza mwili kwa miezi na miezi hakikumtoka, na zaidi ya hapo wanawake wengine wa kijiji kilekile walisema alichosema yeye. Nikipewa mswada wake nisingekata hata neno moja la handaki. Ningeandika: "ilikuwa 1953 au 1955, mwaka sina hakika nao." Msomaji akiona mzee anakiri asichokijua, atamwamini anaposema anachokijua.

Na kuna njia ya kumsaidia mzee kwenye miaka. Usimuulize ilikuwa mwaka gani. Muulize mtoto gani alikuwa mgongoni, ulikuwa msimu wa nini, ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analijua. Huku Tanzania nauliza: mlikuwa mmeshahamia kijiji cha Operesheni? Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza? Ilikuwa kabla ya mvua za El Niño? Majibu yanakuja yenyewe, na mara nyingi yanafika karibu sana na mwaka wenyewe.

---

Mzee Kifimbo

Swali la kiufundi, ndugu mhariri. Mazungumzo. Mimi naandika habari za baba yangu, aliyekuwa kuli bandarini. Nikisema "baba alinikanya" inakuwa kavu. Nikimwekea maneno mdomoni, nimeshatunga. Mnafanyaje?

---

MhaririNgamiani

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la zamani kama uandishi wenyewe wa tawasifu kwa Kiswahili. Tawasifu yetu ya mwanzo inayojulikana sana ni ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Aliiandika Zanzibar uzeeni, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, na ikachapishwa Berlin 1902 na 1903. Alifariki 1905. Kitabu kile kimejaa mazungumzo: nikamwambia, akaniambia, nikamjibu. Maneno ya miaka thelathini nyuma yanasomeka kama yaliyosemwa jana jioni barazani.

Mimi simlaumu kwa hilo. Msimulizi yeyote wa kwetu anajua, na msikilizaji wake anajua, kwamba "akaniambia" inabeba maana ya maneno, haidai kila silabi. Kwa hiyo baba yako mpe sauti, lakini mpe misemo aliyokuwa nayo kweli, ile ambayo hata ndugu zako wakiisoma watasema huyo ni baba. Usimpe hotuba. Ukiona baba anaeleza kwa ufasaha jambo ambalo wewe ndiye unataka msomaji alielewe, ujue hapo amesema mwanawe.

Ila kwa kuwa tumemtaja Tippu Tip, nisiishie kwenye ufundi. Kuna mahali katika kitabu chake ambapo kila anayeandika maisha yake angepaswa kusimama. Anasimulia jinsi alivyosikia kwamba dada wa mtemi mmoja huko Utetera, katika Kongo ya leo, walitekwa miaka mingi nyuma wakapelekwa mbali. Akaenda kwa mtemi huyo, Kasongo, akajitangaza kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wa dada wale. Mzee akamwamini, akamkabidhi utawala. Na Tippu Tip anatusimulia mwenyewe, hafichi jinsi alivyoijenga habari ile. Tunaweza kusema basi huyu ni mkweli mno. Lakini soma kitabu chote kwa jicho hilohilo. Pembe za ndovu anazikumbuka kwa frasila. Watu waliozibeba mabegani kutoka Manyema mpaka pwani, karibu wote wanapita bila majina. Hilo haliwezi kuwa kosa la kumbukumbu peke yake. Kila mtu hukumbuka vizuri alichokihesabu, na mtu huhesabu alichokithamini.

Tangu nilipoliona hilo, kila mswada nausoma nikitafuta aliyebeba mzigo. Msichana wa kazi aliyelea watoto sita, yuko wapi? Mke wa kwanza? Kwenye mswada wa mtu aliyefanikiwa, watu hao hupotea kwa urahisi wa kutisha, na mwandishi akiulizwa anakumbuka yote papo hapo, jina, kijiji, hata wimbo aliokuwa akiimba akifua. Kumbe ilikuwepo. Hakuna aliyeiuliza.

Sauti za upande wa pili zipo, ni chache tu. Kitabu alichokihariri Margery Perham mwaka 1936 kina maisha ya Rashid bin Hassani, Mbisa aliyechukuliwa utumwani akafikishwa Zanzibar. Hata hivyo ya kwake yameandikwa na mkono wa mwingine, kwa Kiingereza. Tippu Tip alishika kalamu mwenyewe.

---

Lubumbashi Kwetu

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Katanga. Huku kwetu kuna andiko la 1965, la André Yav, limeandikwa kwa Kiswahili cha mjini petu wakati mji ungali unaitwa Elisabethville. Limetoka kwa watu waliokuwa boyi na wapishi wa Wazungu, wakasimulia mji tangu mwanzo wa ukoloni. Anayesema mule ni "sisi". Wanasimulia hata mambo ambayo yametokea mbele hawajazaliwa. Kwa sheria yako hilo ni kosa?

---

MhaririNgamiani

Hapana, ndugu. Hilo ni halali kabisa, kwa sababu wamejitaja ni kina nani: watumishi wa nyumbani wa mji ule, wakisema waliyopitia na waliyopokea kwa waliowatangulia. Msomaji anajua amesimama wapi. Kinachonikera ni "mimi" anayejifanya aliona yaliyompata jirani.

---

BintiMkunazini

Kaka mhariri, nina jambo langu na nimesita kuliandika.

Mama yangu alizaa mtoto kabla ya ndoa, dada yangu mkubwa, akalelewa na bibi kama mtoto wa bibi. Mimi nimejua ukubwani. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Naandika maisha yangu na nimefika kwenye sura ya nyumba ya bibi. Nikiandika "mama mdogo" kama tulivyokuwa tukimwita, naandika uongo ninaoujua. Nikiandika ukweli, namvua mama nguo hadharani. Yuko binti wa Sultani aliyeandika maisha yake na mambo kama haya aliyanyamazia, na mpaka leo watu wanamsoma na kumpenda. Nami ninyamaze?

---

MhaririNgamiani

Dada, pole, na asante kwa kutuamini na jambo zito kama hili.

Unamsema Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 Beit el Mtoni, akawa Emily Ruete. Kitabu chake kilitoka 1886 kwa Kijerumani. Nampenda sana mwandishi yule. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, na elimu hiyohiyo ikamfanya awe karani wa njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani, mwaka 1859. Hilo amelieleza waziwazi, pamoja na majuto yake.

Lakini ilipofika 1866 anapita haraka. Urafiki na jirani Mjerumani, aliyekuja kuwa mumewe, umo, kuondoka usiku kwa meli ya Kiingereza kumo. Kwamba alikuwa mjamzito hakusema. Mtoto yule alizaliwa Aden na akafa angali mchanga. Mwandishi aliyetueleza vyumba, mavazi, vyakula na ugomvi wa nyumba ya baba yake kwa kurasa na kurasa, hapo kanyamaza.

Je, kanyamaza kwa haki? Mimi nasema ndiyo. Alianza kuandika kwa ajili ya wanawe waliokuwa wakikulia Ujerumani, alikuwa mjane tangu 1870, na siri ilikuwa yake. Ukimya wake haukumtwika mtu mwingine lawama. Hakumsingizia Majid, hakusema alitoroshwa. Sehemu inayonisumbua ni nyingine kabisa, ni pale anapoutetea utumwa wa nyumbani kwao. Pale anatoa ushahidi kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza.

Sasa yako. Tofauti yenu ni kwamba siri hii si yako. Ni ya mama, na zaidi ni ya dada yako, ambaye yu hai. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza mimi au wanajamvi, muulize yeye. Akikataa, sura inaweza kusimama bila kuyataja: sema kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mambo ya watu wazima ambayo si wewe wa kuyasimulia. Msomaji ataheshimu mlango uliofungwa. Ila usimwandike kama mtoto wa bibi kwa maelezo ya uzazi, siku ya kuzaliwa, nani alimkunga. Hapo utakuwa umejenga nyumba ya uongo ndani ya kitabu, na watoto wake wataishi humo.

---

Mzee Kifimbo

Marahaba, kijana. Lakini niseme kweli, tukifuata haya yote kitabu kitajaa "nadhani", "huenda", "niliambiwa" kila mstari. Nani atasoma? Mtu anataka hadithi imbebe.

---

MhaririNgamiani

Mzee, hofu hiyo naielewa, na nimeona miswada iliyokufa kwa "huenda". Hayalazimiki kuwa kila mstari. Yako maeneo machache tu katika maisha ya mtu ambapo ukweli ukibadilika kila kitu kinabadilika: nani alimwacha nani, nani alichukua shamba, baba alikufaje. Hapo ndipo useme umejuaje. Rangi ya gari la kwenda shule, iache.

Mwandishi wa Kimarekani Mary McCarthy alikuwa na ufumbuzi wake. Katika kitabu chake cha 1957 kuhusu utoto wake, sura nyingi zinafuatiwa na maandishi ya mlazo ambamo anasema wapi huenda amebuni, wapi ndugu zake wanakumbuka vingine. Simulizi inatiririka bila kukatwa, kisha ukaguzi unafuata. Wapo wanaoona hilo linaharibu uchawi. Mimi nikisoma namwona mtoto yatima anayejaribu kujua kilichompata kweli, wazazi wake wote wawili wakiwa wamefariki mwaka 1918 kwa homa ya mafua, na hakuna wa kumuuliza. Ukaguzi ule nao ni sehemu ya maisha yake.

Kwetu sisi wenye bahati ya kuwa na ndugu hai, kuna njia rahisi zaidi. Wasomee sura kwa sauti. Usiwape karatasi, kwa kuwa wataona aibu kusahihisha maandishi. Soma, nyamaza, sikiliza. Kaka yako atasema, "Si hivyo, siku ile baba hakuwepo kabisa." Usimbishie na usikimbilie kufuta ulichoandika. Kiweke ndani: mimi namwona baba mlangoni, kaka anasema baba alikuwa zamu bandarini. Ukiweza, tafuta kitu kilichoandikwa wakati uleule. Shaaban Robert ametuachia maisha yake aliyoyaandika akijua yalikofikia, na tunazo pia barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, alipokuwa hajui kesho italeta nini. Barua haiwezi kujipamba kwa mwisho ambao haijaujua. Kama baba yako aliacha barua, kadi ya kazi, kadi ya TANU, hata daftari la madeni ya dukani, anza na hizo kabla hujaanza na kichwa chako.

---

mjukuu_wa_Nyeri

Hili la kusoma kwa sauti nalichukua. Nina kanda za cucu nilizomrekodi kabla hajafariki. Nilikuwa nataka kuzipanga kwa miaka na kumsahihisha. Sasa nitaziacha alivyosema, na tarehe niziweke pembeni kwa jina langu.

---

MhaririNgamiani

Vizuri sana. Na uandike wazi nani alikuwa anauliza maswali kwenye kanda, na wengine gani walikuwepo chumbani. Bibi akizungumza mbele ya wakwe husema vingine.

---

BintiMkunazini

Nimerudi. Nimempigia dada. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kwa nini nimechelewa hivi kumuuliza. Amekubali iandikwe kwamba yeye ni mtoto wa mama. Jina la baba yake amekataa, na amesema habari za bibi kumchukua atanisimulia yeye mwenyewe, mimi sikuwa nimezaliwa.

---

MhaririNgamiani

Basi sehemu hiyo iandike kwa kinywa chake, dada, useme ni yeye aliyekuhadithia na lini. Ukimaliza msomee kabla mswada haujaenda kwa mchapaji, na akitaka mstari utoke, utoke.